Hukumu, Rehema na Kurudishwa: Unabii wa Biblia katika Historia ya Biharamulo na Ngara

Manabii wa Agano la Kale hukumbukwa zaidi kwa maonyo yao, ingawa wengi wao hawakuishia kwenye hukumu. Amosi, aliyetangaza anguko la Samaria kwa ukali usio na kifani, anafunga kitabu chake kwa ahadi kwamba nyumba ya Daudi iliyobomoka itasimama tena na miji iliyokuwa magofu itakaliwa na kupandwa mizabibu. Hosea, ambaye watoto wake walipewa majina ya kukataliwa ili wawe ishara ya ghadhabu ya Mungu juu ya taifa, anaona siku ambayo majina hayo yatageuzwa kuwa ya kupendwa na ya kuhurumiwa. Fundisho hili, kwamba Mungu anayehukumu ndiye anayerudisha, limesomwa kwa namna nyingi katika historia ya Kanisa. Katika Afrika Mashariki ni sehemu chache zilizolisoma kwa uzito uliofikia ule wa Biharamulo na Ngara, wilaya mbili za kusini-magharibi mwa Mkoa wa Kagera, ambazo katika karne moja na nusu zimepitia njaa, tauni, kuhamishwa kwa watu, moto wa Uamsho na wimbi kubwa la wakimbizi.

Historia hiyo inaonyesha jambo ambalo manabii wenyewe walilisema waziwazi, nalo ni kwamba rehema ya Mungu haifuti hukumu bali hupita ndani yake, na kwamba kurudishwa kwa kweli huenda pamoja na ukweli kusemwa na kilichochukuliwa kwa dhuluma kurejeshwa kwa mwenyewe. Pale ambapo watu wa eneo hili walilishika fundisho lote, lilizaa jamii mpya. Na pale ambapo kurudi kulitenganishwa na haki, majeraha yaliendelea kubaki wazi hata baada ya safari ya kurudi kwisha.

Msingi wa fundisho

Unabii wa kurudishwa ulizaliwa katika misiba miwili ya kihistoria. Msiba wa kwanza ni kuanguka kwa Samaria, mji mkuu wa ufalme wa kaskazini wa Israeli, uliotekwa na Waashuri mwaka 722 KK. Wa pili ni kuteketezwa kwa Yerusalemu na hekalu lake na Wababeli mwaka 587 KK hivi, ambapo sehemu ya watu wa Yuda walichukuliwa hadi Babeli. Kipindi hicho cha kuishi mbali na nchi yao kwa amri ya mshindi ndicho kinachoitwa uhamisho. Manabii hawakukieleza kama ajali ya kisiasa, bali kama matokeo ya kuvunjwa kwa agano, yaani mapatano yaliyowafunga watu kwa Mungu wao na kwa wenzao, na katika maelezo yao makosa yanayotajwa tena na tena ni ibada ya sanamu, rushwa mahakamani, vipimo vya udanganyifu sokoni na kunyang'anywa kwa wajane na yatima.

Ndani ya hukumu hiyo hiyo walitangaza wazo la mabaki, yaani wale wachache watakaosalia ambao kupitia kwao Mungu ataanza upya. Yeremia aliwaandikia waliohamishwa Babeli wajenge nyumba, wapande bustani na kuutakia heri mji walimo, kwa kuwa uhamisho wao ungedumu miaka 70; kisha, majeshi ya Babeli yakiwa yameizingira Yerusalemu na yeye mwenyewe akiwa kifungoni, alinunua shamba la binamu yake huko Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, akaamuru hati za ununuzi zihifadhiwe katika chombo cha udongo ili zidumu, kama ushahidi kwamba mashamba yatauzwa na kununuliwa tena katika nchi hiyo. Tumaini la Yeremia lilikuwa na hati, bei na mashahidi. Lilihusu ardhi halisi na watu halisi, na wala halikuwa faraja ya maneno matupu.

Ezekieli, aliyehubiri miongoni mwa wahamishwa, anajulikana zaidi kwa maono ya bonde la mifupa mikavu iliyopata nyama, mishipa na pumzi, katika sura ya 37. Msomaji makini huona kwamba maono hayo yanatanguliwa na sura ya 33, ambamo nabii anafundisha kwamba mwovu ataishi akiacha uovu wake, akirudisha rehani ya mdaiwa na kurejesha alichoiba. Mpangilio huo una uzito wake: kabla mifupa haijapata uhai kuna watu wanaorejesha mali za wenzao. Koreshi, mfalme wa Uajemi, alipoiteka Babeli mwaka 539 KK na mwaka uliofuata akawaruhusu Wayahudi kurudi, fundisho hilo lilijaribiwa kwa vitendo. Hekalu la pili lilikamilika karibu na mwaka 515 KK, lakini miongo kadhaa baadaye Nehemia aliwakuta wakuu wa Yuda wakiwakopesha ndugu zao kwa riba na kuchukua mashamba na watoto wao kuwa rehani, akawalazimisha kuvirudisha. Watu walikuwa wamerudi katika nchi yao, ila kurudishwa kwao kulikuwa hakujakamilika.

Nchi iliyoonja ukiwa

Eneo ambalo leo ni Biharamulo na Ngara lilikuwa na tawala zake kabla ya ukoloni: Rusubi upande wa Biharamulo, Bushubi na Bugufi upande wa Ngara, Bugufi ukiwa na uhusiano wa karibu wa kiutawala na wa lugha na Burundi. Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke, aliyepita mwishoni mwa mwaka 1861 akielekea Karagwe na Buganda, alikawizwa Rusubi, katika nchi ya mtawala Suwarora huku akitozwa hongo, yaani ushuru ambao misafara ililipa ili iruhusiwe kupita, na kitabu chake cha safari kilichochapishwa mwaka 1863 kinaonyesha nchi yenye mamlaka iliyojiamini na uchumi uliotegemea mifugo, kilimo na njia za biashara.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliopita Afrika Mashariki uliua ng'ombe kwa wingi usiowahi kuonekana, nao ukafuatiwa na ndui na njaa. Mifugo ilipokwisha, vichaka vilirudi kwenye malisho, na pamoja navyo wakaja mbung'o, inzi wanaoeneza malale, ugonjwa unaoshambulia ubongo na kuwapa wagonjwa usingizi usiokwisha hadi kifo. Utawala wa Wajerumani uliacha boma juu ya kilima cha Biharamulo. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliiteka sehemu hii, na baada ya vita ikawa chini ya Waingereza. Katika kupambana na malale, serikali ya Tanganyika iliwakusanya watu wa wilaya za magharibi, Biharamulo ikiwamo, katika makazi yaliyofyekwa vichaka, na ardhi waliyoiacha ikarudi kuwa pori. Sehemu ya mapori hayo ilitengwa baadaye kuwa hifadhi ya wanyama, na mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yakaunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato.

Haifai kusema kwamba mapigo hayo yalikuwa adhabu kwa makosa ya watu wa Rusubi au Bugufi. Kitabu cha Ayubu chenyewe kinakemea haraka ya kuunganisha kila msiba na dhambi ya aliyepatwa nao, na sababu za maafa ya miaka ya 1890 ziko katika njia za maambukizi, vita vya ukoloni na kuvunjika kwa uwiano wa zamani baina ya watu, mifugo na pori. Hata hivyo, misiba iliwapa watu wa eneo hili masikio ya kuwasikiliza manabii. Msomaji aliyeona mashamba ya babu yake yakimezwa na miti alielewa bila kufafanuliwa wanachosema Walawi 26 na kitabu cha pili cha Mambo ya Nyakati kuhusu nchi iliyobaki ukiwa ikipumzika. Na aliyeshuhudia nzige waliovamia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1930 hakuhitaji mwalimu amweleze thamani ya ahadi ya Yoeli kwamba Mungu atafidia miaka ambayo mavuno yake yaliliwa.

Kusoma huko kuliwezekana kwa sababu Biblia nzima, Agano la Kale likiwamo, ilikuwa imepatikana katika lugha zilizotumiwa na makanisa ya kanda: Kiswahili tangu mwaka 1891 na Luganda tangu mwaka 1896. Mkristo mwenye Agano Jipya pekee angejua mengi kuhusu neema, lakini asingekutana na Yeremia akinunua shamba wala Nehemia akifuta madeni.

Uamsho wafika Katoke

Mwaka 1927 George Chambers aliwekwa wakfu kuwa askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Tanganyika ya Kati, na chini yake wamisionari kutoka Australia wa CMS, shirika la kimisionari la Kianglikana, walichukua jukumu la kazi ya Kianglikana magharibi mwa nchi. Katoke, katika Biharamulo, ikawa kituo chao kikuu cha elimu, na chuo cha walimu kilichoongozwa na Kasisi Lionel Bakewell kilipeleka wahitimu wake katika shule za vijijini, ambako mwalimu mara nyingi ndiye aliyekuwa pia mhubiri wa kanisa. Upande wa Bugufi, Murgwanza ikawa kituo kingine chenye kanisa na hospitali. Mtandao huo wa walimu, wauguzi na wahubiri ndio ulioupokea Uamsho.

Uamsho, kama unavyoitwa na Wakristo wa Tanzania, ni mwamko wa kiroho ulioanzia Gahini, mashariki mwa Rwanda, ambako misheni ya Kianglikana ilikuwa na hospitali. Daktari Mwingereza Joe Church, aliyefika huko mwaka 1928, alikutana na Mganda Simeoni Nsibambi mjini Kampala mwaka 1929, na urafiki wao wa kusoma Biblia pamoja ukawa cheche ya kwanza. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi na mhubiri wa Gahini, alifariki Januari 1936 baada ya kuwataka viongozi wa Kanisa la Uganda waamke kutoka katika usingizi wa kiroho, na wito wake ukawa kauli ya kampeni za mahubiri zilizofuata. Yosiya Kinuka, msaidizi wa hospitali aliyekuwa na ugomvi mrefu na wamisionari, na William Nagenda, msomi kutoka Buganda, wakawa miongoni mwa viongozi wa timu zilizosafiri kutoka kituo hadi kituo. Mwishoni mwa miaka ya 1930 moto huo ulivuka Mto Kagera na kufika Katoke, na kutoka huko ukaenea katika makanisa ya jirani, wakati Uamsho ukikua pia miongoni mwa Walutheri wa Buhaya. Josiah Kibira, aliyetoka katika Uamsho wa Buhaya, akawa askofu mwaka 1964 na rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani kuanzia 1977 hadi 1984.

Waliouingia Uamsho waliitwa Walokole, jina la asili ya Luganda lenye maana ya waliookoka, na wao kwa wao waliitana ndugu. Katika mafundisho yao mpango wa kinabii ulionekana wazi. Mikutano mikubwa ilianza na somo la dhambi, ikaendelea na toba, kuzaliwa upya na kutoka Misri, yaani kuachana na maisha ya zamani, kisha ikafikia Roho Mtakatifu na maisha ya ushindi. Mtu hakuruhusiwa kurukia mwisho wa safari. Aliyetaka amani bila kuhukumiwa kwanza na Neno alihesabiwa kuwa bado amelala. Kutembea nuruni, msemo ambao Walokole waliutumia kwa maisha ya uwazi baina ya ndugu, kulimaanisha kwamba dhambi haifichwi bali huungamwa kwa jina lake mbele ya kundi, na kundi hupokea ungamo hilo kwa wimbo wa kumsifu Yesu, ambao kwa Luganda umejulikana kote Afrika Mashariki kama Tukutendereza.

Kurudisha kilichochukuliwa

Sifa iliyowashangaza watu wa nje kuliko kilio na nyimbo za usiku ilikuwa desturi ya kurudisha. Aliyeokoka alitakiwa kumwendea aliyemkosea na kumrejeshea kilichokuwa chake: dawa iliyoibwa zahanati, fedha za ada zilizotumika vibaya, ng'ombe wa mahari aliyechukuliwa kwa hila, hata uongo uliompotezea mtu kazi. Desturi hii ilikuwa na mizizi katika sheria ya Musa na katika habari ya Zakayo, mtoza ushuru aliyeahidi kurudisha mara nne, lakini mwangwi wake ulio wazi zaidi uko katika Ezekieli 33, ambako uhai wa mwovu aliyetubu unaambatana na kurejesha alichoiba. Kwa Walokole, rehema isiyofika mkononi mwa aliyedhulumiwa ilikuwa bado haijafika popote.

Desturi hiyo iligusa mahali pagumu katika jamii ya kikoloni. Mwafrika aliyeungama chuki yake dhidi ya Mzungu alimlazimisha Mzungu ajiulize kuhusu kiburi chake, na baadhi ya wamisionari waliomba msamaha hadharani kwa dharau waliyoibeba moyoni. Mhangaza wa Bugufi, Mshubi wa Bushubi, Msubi wa Rusubi na Mnyarwanda walikaa kikundi kimoja wakiitana ndugu, na mwanamke aliyepata sauti ya kushuhudia mbele ya wanaume alipata nafasi ambayo mabaraza ya ukoo hayakumpa kwa urahisi. Utimizo wa unabii wa Yoeli kwamba Roho atamiminwa juu ya wana na binti, watumwa na wajakazi, ulionekana kwao kuwa jambo la siku zao.

Gharama zilikuwapo pia. Uungamaji wa hadharani uliweza kuvunja ndoa na kufichua siri za watu wasiohusika. Bidii ya waliookoka iliwafanya wengine wawahukumu wakuu wa kanisa kwa jeuri, na wakuu nao wakajibu kwa nguvu. Mwaka 1941 chuo cha teolojia cha Mukono, nchini Uganda, kilimfukuza William Nagenda pamoja na wanafunzi wenzake zaidi ya 20 waliokataa kuacha mikutano yao ya alfajiri. Hata hivyo, tofauti na mavuguvugu mengi ya kiroho ya wakati huo, Walokole wengi walibaki ndani ya makanisa yao ya zamani, wakiamini kwamba Mungu aliyehukumu hekalu ndiye pia aliyelijenga upya. Dayosisi ya Kianglikana ya Kagera, iliyoundwa mwaka 1985 na kuwa na makao yake Murgwanza, na Dayosisi ya Biharamulo iliyozaliwa kutoka humo mwaka 2010, zote zimesimama juu ya kazi ya kizazi hicho.

Daraja la Rusumo

Mtihani mkubwa zaidi wa fundisho la kurudishwa ulikuja kutoka ng'ambo ya mto ule ule ambao Uamsho uliuvuka. Ngara ilikuwa na uzoefu wa kupokea wakimbizi tangu miaka ya 1960, Watutsi waliokimbia Rwanda walipopewa makazi Muyenzi, na Tanzania iliwapa maelfu ya Wanyarwanda uraia mwaka 1980. Kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye wa Burundi Oktoba 1993 kulileta wimbi jingine. Kisha, tarehe 28 na 29 Aprili 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi wa Rwanda yakiwa yanaendelea na jeshi la waasi wa RPF waliopigana na serikali ya Rwanda likisonga mbele, watu wapatao 250,000, wengi wao Wahutu, walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara katika muda wa takriban saa 24. UNHCR, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, lilisema halijapata kuona wakimbizi wengi kiasi hicho wakivuka mpaka kwa kasi hiyo. Kambi ya Benaco, iliyopata jina lake kutoka kampuni ya Kiitalia iliyojenga barabara ya hapo, ilikuwa na watu wengi kuliko wenyeji wote wa wilaya.

Hapa wasomaji wa manabii walikutana na jambo gumu. Miongoni mwa waliovuka walikuwamo wanawake, watoto na wazee wasio na hatia yoyote, na pamoja nao walikuwamo wauaji. Sylvestre Gacumbitsi, bourgmestre yaani mkuu wa komuni ya Rusumo upande wa Rwanda, aliyehusika na mauaji ya maelfu ya watu waliokimbilia parokia ya Nyarubuye katikati ya Aprili 1994, alifika Benaco akiwa kiongozi anayeheshimiwa na watu wake. Alikamatwa mwaka 2001 katika kambi ya Mukugwa mkoani Kigoma. Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai kwa Rwanda iliyokaa Arusha ilimhukumu mwaka 2004 kifungo cha miaka 30, na mwaka 2006 mahakama ya rufaa ikageuza adhabu hiyo kuwa kifungo cha maisha. Kambi moja ilibeba waliohitaji hifadhi na waliohitaji kusimamishwa mbele ya haki, na misaada ya chakula haikuweza kuwatenganisha.

Simulizi la uhamisho na kurudi lilikuwa na mvuto mkubwa kwa watu wa kambini, lakini pia lilikuwa na hatari yake. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyeishi katikati ya miaka ya 1980 na wakimbizi Wahutu wa Burundi huko Mishamo, magharibi mwa Tanzania, alionyesha jinsi walivyoiona miaka ya ukimbizi kuwa majaribu yanayowatakasa na kuwaandaa kuirudia nchi yao. Tumaini la namna hiyo huwapa watu nguvu ya kuishi, ila likiondolewa swali la manabii kuhusu makosa ya taifa lenyewe, linaweza kugeuka kuwa ndoto ya watu wanaojiona hawana cha kuungama. Yeremia aliwaahidi Wayahudi kurudi, lakini hakuwaambia hata siku moja kwamba wasio na hatia walikuwa wao na wenye hatia walikuwa Wababeli tu.

Wenyeji nao waliwekwa chini ya neno la manabii. Isaya 16 inaitaka nchi jirani iwafiche waliofukuzwa na kuwa kimbilio lao mbele ya mharibifu, ilhali kitabu cha Obadia kinamhukumu Edomu, ndugu na jirani wa Yuda, kwa kusimama njia panda na kuwakamata wakimbizi siku ya msiba wao. Watu wa Ngara walitii wito wa Isaya kwa miezi mingi ya taabu: misitu ilikatwa kwa kuni, visima vilielemewa, ujambazi uliongezeka, na makanisa yalitoa yalichokuwa nacho pamoja na mashirika ya misaada kama TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 kuwahudumia wakimbizi nchini Tanzania.

Desemba 1996 serikali ya Tanzania, pamoja na UNHCR, ilitangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya tarehe 31 ya mwezi huo. Maelfu waliokuwa na hofu waliondoka kambini wakielekea mashariki, mbali na mpaka, na askari wakawageuza na kuwaelekeza Rusumo. Mwezi ulipokwisha, karibu watu nusu milioni walikuwa wamevuka. Amnesty International ililalamika kwamba urejeshaji huo haukuwa wa hiari. Serikali ilikuwa na sababu nzito za usalama na mazingira, na ilikuwa imebeba mzigo ambao nchi nyingi tajiri zilikwepa kuubeba; lakini kipimo cha manabii hakibadiliki kwa uzito wa sababu. Kurudi kwa sura ya 37 ya Ezekieli kunahitaji sura ya 33, na mwaka 1996 hakuna aliyekuwa na njia ya kumpa kila aliyerudi ukweli, haki na shamba lake. Sehemu ya kazi hiyo ilifanywa baadaye nchini Rwanda na gacaca, mahakama za jamii zilizoanza kwa majaribio mwaka 2002 na kufungwa mwaka 2012, ambamo kuungama na kuonyesha miili ilikozikwa kulipunguza adhabu, na waliopora mali walitakiwa kulipa. Mahakama hizo zilikosolewa kwa udhaifu wa utetezi na kwa kuyaacha nje makosa ya jeshi lililoshinda, lakini zilikiri kanuni ile ambayo Walokole waliishika vijijini miaka 60 hivi kabla.

Urithi wa fundisho

Historia ya Biharamulo na Ngara inasahihisha namna mbili za kuwasoma manabii zinazosikika sana katika mimbari za leo. Namna ya kwanza huichukua ahadi ya kurudishwa kama haki ya kila anayeamini kupata mali maradufu, bila kumuuliza iwapo kuna mtu anayemdai. Ya pili huitumia hukumu kuwanyooshea kidole waliopatwa na msiba, kana kwamba majivu ya jirani ni ushahidi wa usafi wa anayetazama. Manabii waliwahukumu kwanza watu wao wenyewe, na waliyakemea mataifa yaliyofurahia anguko la wengine.

Katika kipimo hicho, kizazi cha Katoke kilielewa jambo ambalo siasa za kanda ya Maziwa Makuu zimelitafuta kwa gharama kubwa. Walipomtuma aliyeokoka arudishe kitu cha jirani kabla ya kusimama kushuhudia, hawakuwa wakipunguza ukubwa wa neema. Walikuwa wakiipeleka hadi mahali ambapo dhambi ilikuwa imefanya uharibifu, ili aliyedhulumiwa naye aionje. Kadiri eneo hili linavyoendelea kuishi kandokando ya mpaka uliovukwa na wengi kwa hofu, kazi ya makanisa yake ni kuhubiri rehema yenye mikono, inayotaja kosa kwa jina, inayorejesha kilichochukuliwa na inayomkaribisha anayerudi bila kumfunga mdomo aliyeumizwa. Rehema ya namna hiyo ndiyo waliyoiahidi manabii, na ndiyo pekee inayoweza kuitwa kurudishwa.